Mluzi wa Msafisha Vigae

Fundi wa kusafisha vigae vya paa hakanyagi kigae kabla ya kukigonga kwa kidole na kutega sikio. Kamba ya kiunoni huifunga, huivuta, huifungua, kisha huifunga upya, hata mama mwenye nyumba humtania: "Fundi, unafunga ng'ombe?" Ukoga huuparura mkavu, kwa brashi, na muda wote hupiga mluzi uleule mwembamba. Mama aliupenda, aliudhani wa mtu anayefurahia kazi yake.

Leo, akidhani kuparura kumekwisha, mama alifungua bomba ili amrahisishie kazi. Mpira wa maji uliosubiri juu kwa ajili ya kusuuza ukatapika maji, na vigae vikawa utelezi mtupu. Mluzi ukakatika. Kishindo. Kamba ikakazika, kigae kikapasukia miguuni pa mama. "Mama," sauti ikashuka, ya upole kama kawaida, "funga maji." Akafunga. Fundi alikuwa amelala kifudifudi, ameukumbatia mteremko, akingoja jua likaushe vigae. Kisha mluzi ukaanza tena, uleule, kutoka kwenye midomo iliyopauka na kutetemeka. Kumbe siku zote ulikuwa wa woga. Mama akaishika ngazi kwa mikono miwili, akaing'ang'ania, ingawa hakukuwa na mtu juu yake.