Kahawa Hulia Mara Mbili

Umeme ukiwepo mimi ni mwanamuziki wa roki. Ukikatika, nakaanga kahawa. Hivyo ndivyo nilivyojieleza kwa miaka mingi hapa Likasi kila mtu aliponiuliza nafanya kazi gani. Watu walicheka, kisha wakauliza tena: sawa, lakini kazi hasa ni ipi? Mji wetu ni mji wa kiwanda. Mtu ni fundi, au karani, au mfanyabiashara, au anasubiri kuitwa. Roki haimo. Mara ya kwanza tulipopiga katika ukumbi wa parokia, mama mmoja wa kwaya alisikiliza nyimbo tatu nzima kwa heshima zote, halafu akaniita pembeni akaniuliza sebene ya kucheza inaanza saa ngapi.

Kahawa nayo iliingia nyumbani kwa mlango wa nyuma. Kwetu asubuhi ni chai na mkate. Kahawa tuliijua ya unga wa kopo, ile inayozungushwa kwenye kilio ili watu wasisinzie. Ya kweli niliionja Lubumbashi, tulikokwenda kupiga kwenye harusi ya bwana mmoja aliyedhani sisi ni bendi ya rumba. Katikati ya wimbo wa pili alitulipa ili tunyamaze. Nikiwa nazurura na aibu yangu nikamkuta mfanyabiashara anayeleta kahawa mbichi kutoka Kivu; akanikaangia konzi moja kwenye kikaango, akaitwanga, nikanywa. Malipo ya kunyamaza yote yakageuka nusu gunia. Mke wangu alilitazama lile gunia, akanitazama mimi, akasema angalau hili halipigi kelele.

Alikosea, kwa sababu kahawa inapiga kelele. Asiyewahi kukaanga hajui. Ukizungusha punje juu ya moto, mwanzoni zinabadilika rangi tu, kama karanga. Halafu zinaanza kulia: pa, papa, pa. Huo ndio mlio wa kwanza, na hapo kahawa inanyweka. Ukiendelea, zinanyamaza kidogo, kisha zinalia tena, safari hii kwa sauti ndogo na kavu, kama mtu anayevunja njiti za kiberiti. Mlio wa pili ukishaanza unahesabu pumzi kumi tu na kuimwaga. Ukichelewa, umepata makaa yenye harufu ya kahawa.

Fundi mmoja wa kuchomelea vyuma, mkazi wa Shituru, alinitengenezea pipa la kuzungusha kwa mkono, makaa chini, mimi nimekaa kwenye kigoda pembeni. Sikuwa na kipimajoto, na nilijigamba kwamba sikihitaji. Nilikuwa na masikio. Mtu anayeweza kusikia uzi mmoja wa gita umelegea kwa unywele tu, nilikuwa nikisema, atashindwaje kusikia punje ikilia? Wateja walikuwa makarani wa ofisi mbili tatu za mjini, mwalimu mmoja mstaafu, na hasa masista wa Kapolowe, waliochukua kilo zao kila baada ya wiki mbili na kuniombea bila kunitoza. Kahawa ndiyo iliyotulisha, na gita ndilo lililonifanya nitamani kula.

Sasa niwaambie kuhusu nyumba yetu, la sivyo hamtanielewa. Tunaishi na baba yangu. Babu aliletwa kutoka Kasai kuja kufanya kazi ya madini, na baba alikuwa fundi mitambo kiwandani maisha yake yote, karibu na mashine za kusaga mawe. Alipostaafu alirudi nyumbani na saa ya ukutani, bila masikio. Yamebaki kidogo tu, ya kuokotea maneno makubwa. Kwa hiyo nyumbani kwetu hatuongei, tunapiga kelele. Chumvi inaombwa kwa kelele. Sala ya chakula inasaliwa kwa kelele, na majirani waliokwisha kula wanaitikia amina. Mke wangu alipoolewa alilia wiki nzima, akidhani tunamchukia. Mwezi wa pili alikuwa anatushinda sote. Siku hizi akimwita baba kula bukari, ugali wetu, watoto wa nyumba ya tatu nao wananawa mikono.

Na hapo ndipo kosa langu lilipojificha. Katika nyumba kama ile, mtu anaweza kupoteza nusu ya masikio yake na asijue. Sikukosa neno lolote mezani. Nilisikia kila kitu vizuri sana.

Yalianza na sista mmoja wa Kapolowe kunipigia simu. Alianza mbali, kwa mvua na mahindi yao, halafu kwa upole wa kitawa akasema kwamba kahawa ya safari ile walikuwa wameitolea kama sadaka ya kujinyima. Nilicheka. Safari iliyofuata hakusema mfano, alisema imeungua. Basi nikatafuta mchawi. Nilimgombeza muuza makaa kwamba makaa yake ni ya mti mkali. Nikahamia kwa mwingine. Nilimwandikia mfanyabiashara wa Lubumbashi maneno ambayo leo yananitia haya, kwamba ananichanganyia kahawa ya zamani. Nilimrudisha yule fundi mara mbili kuangalia pipa, akalizungusha, akaligonga, akaniambia pipa ni zima na kwamba nipumzike. Makarani wa ofisi moja wakarudi kwenye chai. Mimi kila siku nakaa kwenye kigoda, nategea mlio wa pili, nausikia ukianza kwa mbali, nahesabu pumzi kumi, namwaga makaa.

Aliyenifumbua macho ni mke wangu, na wala hakukusudia. Siku moja alikuwa anaanika nguo nyuma yangu wakati nakaanga. Nilimwona anasita na shati mkononi, ananitazama. Akaja mpaka mbele yangu.

"Ilisha kulia zamani," alisema. "Minye niliwaza unapendaka nyeusi."

Nikamwambia bado, mlio wa kwanza ndio kwanza unaisha. Hakubishana, na mke wangu asipobishana ujue mambo ni mabaya. Alichukua kigoda cha pili akakaa, tukaweka kahawa mpya. Tulikubaliana kila mmoja ainue kidole atakaposikia. Nilikuwa nazungusha, natabasamu, maana kusema kweli niliona ni mchezo. Akainua kidole. Mimi nikasikia mngurumo wa pipa tu. Akainua cha pili, cha mlio wa pili. Nikaacha kuzungusha, nikasogeza kichwa mpaka moto ukanichoma nywele za sikio, na ndipo nikasikia, mbali sana, kama njiti moja ya kiberiti inayovunjwa kwa jirani. Nilichokuwa nikikiita mwanzo wa mlio wa pili kumbe kilikuwa mwisho wake.

Mke wangu alizunguka nyuma yangu. Baadaye aliniambia kwamba alisimama pale akaniita mara tatu kwa sauti ya watu wa kawaida. Mimi nilikuwa nimekaa natazama moshi.

Daktari wa masikio niliyemwona alikuwa kijana mwenye haraka. Alinivalisha vidude masikioni, akaniuliza nafanya kazi gani, nikamwambia, akaacha haraka yake. Alieleza kwamba kilichokwenda hakirudi. Sauti ndogo na kavu ndizo zinazotangulia kwenda. Kilichobaki kinaweza kutunzwa nikipunguza kelele, na nikiendelea kusimama mbele ya spika kama nilivyosimama, nihesabu miaka michache. Niliogopa, nasema wazi. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa njaa. Nikipoteza masikio sipotezi kitu kimoja, napoteza gita na kahawa siku hiyohiyo, na sina ufundi wa tatu.

Nilikusudia kuficha. Lakini katika nyumba ya kiziwi siri haitunziki, kwa sababu ili kumweleza baba ilinibidi nipige kelele uani. Nikasema daktari ameona masikio yangu yamekufa nusu. Akasema nini? Nikarudia. Mtaa mzima ukajua kabla yake. Muuza mikate alishika mdomo. Hatimaye maneno yakamfikia. Aliyasugua magoti yake.

"Minye, ni kazi njo ilikula masikio yangu, na nilikuwa na batoto ba kulisha," alisema. "Weye, nani alikutuma?"

Jibu nililolimeza lilikuwa la kitoto: kwamba tangu nilipoanza kupiga, kila nilipopandisha spika nilikuwa natupa jicho dirishani nione kama atageuza kichwa. Hakuwahi kugeuza. Alikuwa akihisi vishindo tu kwenye kiti chake, na alichokuwa akisema ni kwamba Mwadingusha, bwawa letu la umeme, inatuleteya kuran ya kupikia bukari, mimi naiharibu kwa fujo.

Siku mbili hakunisemesha. Siku ya tatu nilikuwa kwenye kigoda, mke wangu pembeni, tayari kuniinulia kidole atakaposikia mlio, baba akatoka ndani na bisibisi yake ndefu ya kiwandani, ile yenye mpini wa mti. Alimwondoa mke wangu kwa ishara, akakaa. Akaweka ncha ya bisibisi kwenye fremu ya pipa, karibu na ekseli, na mpini akaniletea mdomoni.

"Luma hapa, na meno," aliniambia. "Na usizungushe mbio."

Niliuma. Mwanzoni nilisikia mtetemo wa chuma tu, na mate yangu mwenyewe. Akaninyanyulia mkono: simamisha. Nikasimamisha pipa kwa kitambo kidogo, na ndani ya fuvu langu, siyo sikioni, ndani kabisa, kitu kikagonga: to. Kisha to, toto. Ilikuwa kama mtu anabisha hodi kwenye jino la nyuma. Baba alikuwa ananitazama macho, na alipoona yamenitoka akatikisa kichwa kwa kuridhika. Ndivyo walivyokuwa wakijua mashine gani inaumwa, alieleza, katika kelele ambayo hata mwenye masikio hakusikia kitu: wanauma bisibisi, wanagusa chuma, wanazungusha kwa mkono, wanasimamisha, mashine inawaambia yenyewe. Mafundi wote wa zamani mpini wa bisibisi zao una alama za meno. Alinionyesha za kwake, na za mtu mwingine aliyekuwa nayo kabla yake.

Siwezi kusema niliipata siku hiyohiyo. Niliunguza mara mbili zaidi, na mara moja nilimwaga mapema mno, kahawa ikawa na ladha ya nyasi. Lakini mwezi ulipokwisha sista wa Kapolowe alipiga simu, akaongea habari za mahindi tangu mwanzo mpaka mwisho, na hakuitaja kahawa kabisa. Nilimwomba radhi muuza makaa. Mfanyabiashara wa Lubumbashi nilimwandikia barua ndefu zaidi ya ile ya matusi, akanijibu kwa neno moja, kwamba alijua.

Upande wa gita ulikuwa mgumu zaidi. Nilianza kuziba masikio kwa pamba, nikahamisha spika ikatazama ukuta, nikaishusha sauti mpaka mpiga ngoma wetu akaweka chini vijiti vyake. Huyu tumepiga pamoja tangu tukiwa hatujaota ndevu. Alisema roki isiyotikisa bati la nyumba ni misa ya wagonjwa. Nilimjibu kwamba mimi ndiye mgonjwa. Alinuna wiki tatu, kisha akarudi na vijiti vilivyofungwa kitambaa, akasema tusimwambie mtu.

Jumamosi iliyofuata umeme ulikatika tulipotaka kuanza. Mpiga ngoma akaenda kutafuta soda. Nilibaki uani na gita lisilounganishwa popote, nachezea wimbo wangu mmoja wa polepole, kwa sauti ambayo mimi mwenyewe sikuisikia yote. Baba alitoka, akasimama, akaangalia vidole vyangu. Akarudi ndani. Alipotoka tena alikuwa na bisibisi.

Alivuta kiti mpaka magoti yetu yakagusana. Akaweka ncha kwenye mbao ya gita, chini ya nyuzi, nami nikaona rangi ikikwaruzika, nikataka kusema, nikaacha. Akauma mpini kwa meno aliyobakiza. Akanifanyia ishara ya mkono, kama mtu anayezungusha pipa: anza.

Nilipiga wimbo wote, tangu mwanzo, bila kuruka kitu. Alifumba macho. Katikati, pale ninapopanda, mguu wake ulianza kugonga chini, na uligonga panapotakiwa. Nilipomaliza alibaki hivyo kidogo, kisha akatoa mpini mdomoni, akaufuta kwenye suruali.

"Kumbe ni muziki," alisema, kwa sauti yake ileile iliyosikika mpaka barabarani.

Nikamwonyesha kwa kidole arudishe mpini mdomoni, nikapiga wa pili.