Mama Aliambiwa Atembee

Miaka ya hamsini, baba alipofariki, nilikuwa msichana wa darasa la sita, na sikulia. Nilikuwa nimekufa ganzi. Majirani wa mtaani kwetu Makorora walinitazama usoni wakitafuta machozi, nikawamiminia kahawa.

Siku ya hitima ya baba, mama aliteleza uani, akavunjika mguu karibu na goti. Hospitali walimfunga plasta, akakaa eda yake hivyo hivyo, mkekani, miezi minne na siku kumi ambayo mjane hatoki kwenda kwa watu.

Plasta ilipotolewa, daktari Mzungu alisema neno moja tu la Kiingereza: woki. Dresa wake, msaidizi wa kufunga vidonda, kijana Mlutheri kutoka milimani, mwenye adabu zake, akatafsiri. "Mama, daktari anasema utembee. Tembea kila siku, la sivyo goti litakaza."

Mama akavuta buibui usoni. "Nitembee, nami nimo edani? Mwanangu, kwenu hakuna wazee?"

Kwake kutembea kulikuwa kuvaa, kujifukiza udi, na kwenda kwa watu kuzungumza na kucheka. Dresa akamtazama daktari. Njiani, ndani ya teksi, nilijaribu kumweleza.

"Mama, si kutembea kwa watu. Asema uende tu, kwa miguu."

"Niende wapi?"

Swali hilo linaniudhi mpaka leo. Kwetu mtu haendi hivi hivi, huenda mahali. Shuleni tuliambiwa woki ni kutembea, basi, mwalimu akafuta ubao.

Nyumbani nilimwomba aende walau mpaka kisimani, arudi. Akasema maji yamo mtungini. Akalala. Akageukia ukutani, akageukia mlangoni, mkeka ukilia chini yake mchana kutwa. Mimi nilichambua mchele. Nilijua goti linakaza, na sikuhisi kitu.

Eda ilipokwisha, shangazi zangu walikuja na kanga mpya. Wakamwogesha, wakamvika, wakamwambia, "Haya wifi, sasa twende tukatembee." Mama akajaribu kusimama. Mguu haukumbeba. Akaketi tena na kanga yake mpya, na hakutembea kwa mtu tena.

Miaka mingi baadaye, nikiwa mwalimu mimi mwenyewe, nilifungua kamusi kubwa ya Kiingereza ofisini kwa kukosa kazi tu. Ilieleza kwamba hapo kale neno lile la daktari, woki, halikuwa na maana ya kwenda kwa miguu. Maana yake ilikuwa kujiviringisha, kugaagaa huku na huku.

Kumbe mama alitembea eda nzima pale pale mkekani, nami nimekaa kando namsikia. Ndipo nilipolia.