Mama Matoleo na Mstari Usioguswa

Pale ofisini, ghorofa ya tatu, walimwita Mama Matoleo. Hakulipenda jina hilo, lakini alikuwa ameacha kulikataa, kama mtu anavyoacha kufukuza nzi mmoja chumbani.

Kampuni yao ilitengeneza programu za hospitali: moja ya kupanga foleni za wagonjwa, moja ya majibu ya maabara, nyingine ya stoo ya dawa, jumla kumi na moja. Programu haiandikwi yote kuanzia sifuri. Kila moja huazima vipande vilivyokwisha kuandikwa na watu wengine, na vipande hivyo, ambavyo wenye kazi yao huviita maktaba, havikai vilivyo. Kila baada ya miezi hutoka toleo jipya. Zamani kila timu ilikuwa na hati yake ya ujenzi, yaani yale maagizo yanayoiambia kompyuta ichukue vipande gani na iviunganishe vipi, na humo kila timu iliandika toleo ililolipenda yenyewe. Kila mwamba ngoma akavutia kwake. Programu ya foleni ilipotakiwa kuzungumza na ya maabara, zikawa hazielewani hata salamu.

Basi yeye akapewa kazi ya kuyakusanya matoleo yote katika faili moja, na hati za timu zote zisome humo. Ilimchukua mwaka na nusu. Mistari yenyewe haikufika mia mbili. Shida ilikuwa wenye mistari. Alizunguka meza kwa meza akibembeleza, huyu akitaka jipya leo leo, yule akisema lake la zamani halina ubaya, na wote wakimaliza kwa maneno yaleyale: "Lakini likiharibika, tutakuita wewe."

Nyumbani yeye na mumewe waliishi na baba mkwe wake, fundi mwashi aliyestaafu, ambaye alisikia tu kwamba mkwewe anajenga programu.

"Leo mmejenga, mwanangu?" humwuliza jioni.

"Tumejenga, baba."

"Na jana je?"

"Jana pia tulijenga. Ikaanguka."

"Msingi huo una walakini," husema mzee, kisha huirudia redio yake.

Siku za mwanzo Mama Matoleo alikuwa akicheka. Siku hizi huvua viatu, hujibu kwa adabu, hukaa kwenye kochi na mkoba wake ungali begani. Mumewe alikuwa amejifunza kuutoa mkoba ule taratibu bila kuuliza siku ilikwendaje.

Jumatatu moja ikaja taarifa. Maktaba mojawapo, iliyotumiwa na programu zote kumi na moja, ilikuwa na tundu: mtu mwenye nia mbaya angeweza kupitia humo na kusoma majina ya wagonjwa na maradhi yao. Toleo jipya lililoziba tundu lilikuwa tayari. Meneja akataka kila kitu kiwe kimekwisha Ijumaa.

"Si ndiyo maana tuliweka faili moja?" alisema meneja. "Badilisha mstari mmoja, tuendelee na mambo mengine."

Akaubadilisha. Programu sita zikajengeka bila neno. Nne zikakataa, skrini ikajaa maandishi mekundu, na ikambidi azishughulikie moja moja mpaka Jumanne saa tisa alasiri. Lakini iliyomtia wasiwasi ni ile ya kumi na moja, ya stoo ya dawa. Yenyewe ilipita kwa dakika nne, kimya, kana kwamba hakuna kilichobadilika. Akafungua hati yake ya ujenzi. Ni kweli, hakuna kilichobadilika. Chini ya mstari uliosoma faili la pamoja ulikuwa umeachwa mstari mwingine, wa siku nyingi, unaorudisha toleo la zamani. Juu yake yaliandikwa maneno machache: "Usiguse toleo hili. Nitaeleza Jumatatu."

Programu ya dawa ilikuwa ya Bwana Taratibu. Ndiye aliyekuwa mkubwa kwa umri pale ofisini, na jina lake la utani lilitokana na mwendo wake. Mama Matoleo akaenda mezani kwake na karatasi mkononi.

"Mzee wangu, mwaka jana niliuliza kama kuna mtu ameacha toleo lake pembeni. Ulisema hakuna."

Bwana Taratibu alisoma karatasi ile kwa muda mrefu kuliko maneno yaliyokuwamo.

"Nilikudanganya, dada," akasema. "Si mimi niliyeandika. Ni mwenzangu, tuliyekuwa tukikaa naye hapa dirishani. Aliandika Ijumaa. Jumapili akaugua ghafla, na ile Jumatatu ndiyo tuliyomzika. Huu mwaka wa sita. Alitaka kueleza nini, sijui. Ningefuta vipi kitu nisichokijua?"

Mama Matoleo alikuwa amekuja na maneno makali. Aliyaacha. Akavuta kiti.

"Basi tutafute alichotaka kueleza," akasema.

Wakaketi pamoja Jumatano yote. Waliweka toleo jipya kwenye kompyuta ya pembeni, wakaendesha majaribio, na majaribio yote yakapita. Alhamisi asubuhi bado yalikuwa yanapita, na Mama Matoleo kichwa kilikuwa kinamgonga. Ni Bwana Taratibu, akisoma polepole kama kawaida yake, aliyegundua kwamba tarehe za majaribio zote zilikuwa za ishirini na kitu.

"Hakuna mwezi wa ishirini na tano," akasema.

"Sasa?"

"Sasa weka tarehe ndogo, isiyozidi kumi na mbili."

Akaweka tarehe tisa mwezi wa pili. Toleo jipya likaisoma tarehe mbili mwezi wa tisa. Siku ilikuwa imegeuzwa kuwa mwezi. Dawa iliyokwisha muda wake Februari ingeonekana nzima mpaka Septemba, na muuguzi angempa mgonjwa akiwa hana hili wala lile.

Bwana Taratibu alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaendelea kuifuta hata ilipokuwa safi.

"Alikuwa na haki," akasema mwishowe.

"Alikuwa na haki, mzee wangu."

Tiba ya kosa hilo ilikuwa mistari minane, ya kuiambia programu wazi kwamba siku hutangulia mwezi. Wakaiandika, wakaongeza majaribio ya tarehe ndogo, vyote vikapita. Ulibaki ule mstari wa marehemu. Mama Matoleo alisogeza kibodi upande wa Bwana Taratibu, akainuka kwenda kuchukua chai. Aliporudi mstari ulikuwa umefutwa, naye mzee alikuwa anatazama dirishani.

Kikao cha Ijumaa, meneja alisema kwa utani, "Mstari mmoja umetuchukua wiki nzima." Watu wawili watatu wakacheka.

"Nimechoka," Mama Matoleo akasema.

Hakupandisha sauti. Alisema kama mtu anayetaja saa. Kisha akaeleza kwamba faili ni la pamoja lakini mlinzi wake ni mmoja, na kwamba anataka lishikwe kwa zamu, timu moja kila mwezi. Ikishindikana, atafutwe mwingine.

Meneja alianza kusema kwamba jambo hilo litajadiliwa. Bwana Taratibu akamkatiza. "Mimi ndiye niliyeficha. Zamu ya kwanza nipeni mimi."

Ikawa hivyo, ingawa timu mbili zilinung'unika. Jumamosi Mama Matoleo alilala mchana wote, akaamka bado amechoka. Alikuwa amedhani uchovu ungeshuka pamoja na mzigo. Haukushuka. Mumewe alimwambia labda ulikuwa deni la miaka, asiuharakishe.

Bwana Taratibu aliishika zamu kwa mwendo wake mwenyewe. Wiki ya kwanza alikuja kumwuliza mara sita, ya pili mara mbili. Kijana wa timu ya maabara alipofika na ombi lake la toleo jipya, Mama Matoleo alimwonyesha kwa kalamu meza ya dirishani. Kisha akarudi kwenye programu ya foleni, kazi yake ya asili, ambayo alikuwa hajaigusa kwa miaka. Nusu yake alikuwa ameisahau. Akaanza kuisoma kuanzia mstari wa kwanza.