Ngoma Haikuwa ya Mjomba

Mjomba wangu alisimama kanisani akaitoa ngoma isiyokuwa yake. Siku hiyo mchungaji alikuwa amehubiri kwamba Yesu ni mfalme wa milele na hagawani kiti na mtu. Mjomba ni mtoto wa mtemi wa mwisho wa upande wetu wa Bariadi. Akaenda mbele, akalia, akasema ngoma ya utemi ya baba yake ichomwe moto ili ukoo upone. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa kwenye kwaya, sauti ya pili, na damu ikanichemka.

Ngoma ilikuwa chumbani kwa mama, nyuma ya magunia ya dengu. Kwetu, kwa mila ya zamani, mtoto wa kiume wa mtemi hakurithi kitu. Utemi ulikwenda kwa mtoto wa dada yake au wa binti yake, maana wazee walisema tumbo la mama halina shaka. Serikali ilifuta utemi zamani, lakini ngoma ilibaki kwa mabinti wa ukoo: bibi, dada yake mtemi, kisha mama, na baada yake mimi. Mchungaji katoka mkoa ambako mwana humrithi baba, kwa hiyo hakuuliza. Mjomba, anayejua vizuri kabisa, hakumwambia. Hilo ndilo lililonikera zaidi. Makofi ni matamu, jamani.

Jumanne alasiri wakaja: mchungaji, mjomba, na mzee mmoja wa kanisa kashika kidumu cha mafuta ya taa. Mama alikuwa uani akikatakata viazi vitamu vya kuanika michembe.

"Mwadila, dada," mjomba alimsalimia kikwetu.

Mama aliitikia, ila kisu hakukiweka chini. Mimi nikasimama mlangoni.

"Binti, tupishe," mchungaji akasema kwa upole. "Mjomba wako ameshaitoa mbele za Bwana."

"Katoa cha nani, Mchungaji? Muulize hapa hapa, dada yake akisikia."

Mjomba akaangalia viatu vyake.

"Ile ni sanamu," mchungaji akaendelea. "Mfalme ni mmoja, na ufalme wake hauna mwisho."

"Amina. Sasa kama hauna mwisho, ngozi ya ng'ombe mnaiogopea nini?"

Sijui ulimi ule niliutoa wapi. Nilimwambia hatujawahi kuitambikia ngoma ile; tunaifuta vumbi, basi. Nilimwambia Mathayo anaanza Injili yake kwa kutaja ukoo wa kifalme, jina kwa jina, na hakuna aliyemwambia auchome. "Na habari za ufalme usio na mwisho," nikasema, "malaika alimpelekea mwanamke. Alianza kwa kumsalimu. Ninyi mmekuja kwa mwanamke na mafuta ya taa."

Mzee wa kanisa alikiweka kidumu nyuma ya mguu wake. Wakaondoka bila kuaga.

Kabla ya wiki kwisha nikapata barua. Nimesimamishwa kwaya na Meza ya Bwana mpaka nitubu. Nimetubu mengi maishani, na mengine yalistahili fimbo, lakini hili silitubu. Wengi walidhani nitahamia kanisa jingine. Wangoje. Mfalme yule ni wangu pia, na barua ya wazee haikuwa na sahihi yake. Jumapili nilikaa benchi la mbele, nikaimba sauti ya pili peke yangu.

Kilichonitia hofu ni mama. Tangu siku ile hakusema neno juu ya jambo lile. Alibatizwa kabla sijazaliwa, hapendi ugomvi, na mjomba ni mdogo wake wa tumbo moja. Niliogopa kwamba moyoni ameniona nimeasi, na kwamba nimemharibia kanisa lake uzeeni.

Jumapili ya ushirika tulikaa bega kwa bega. Sahani ya mkate ilikuja na mzee yule yule wa kidumu. Akaipitisha mbele yangu bila kunitazama. Iliniuma, siwezi kudanganya. Macho yalijaa machozi nikayazuia. Akamfikia mama. Mama hakuinua mikono kutoka mapajani.

"Pokea, mama," mzee akanong'ona.

Mama hakunong'ona.

"Huyu nimemzaa mimi. Kama mmempita yeye, nipite na mimi. Mwenye meza anatujua."