Waya wa Kulia

Mama Risasi hakuwahi kushika bunduki maishani mwake. Risasi yake ni ile laini, inayoyeyushwa kwa ncha ya chuma cha moto ili kushikiza nyaya kwenye bodi za redio. Hata hivyo jina lilimfaa, maana wateja wakorofi waliolisikia kwa mara ya kwanza walifika dukani kwake na adabu zao zote. Ufundi alifunzwa na kaka yake, aliyehamia mji mwingine, na mpaka leo mmoja akikwama humpigia mwenzake simu wakabishana hadi betri iishe. Mkoba wa vifaa haumtoki begani. Harusini anao, msibani anao. Basi siku alipokwenda wodi ya wazazi kumtazama binti yake, aliyekuwa akingoja mtoto wa kwanza, alikwenda nao.

Binti alilazwa kitanda cha sita, karibu na mwisho wa korido ndefu. Kila kitanda kilikuwa na kitufe. Ukikibonyeza, kengele hulia kule mbele kwenye meza ya nesi, na taa yenye namba yako huwaka.

"Kengele yako nzima?" Mama Risasi aliuliza hata kabla ya kukaa.

"Asubuhi niliibonyeza, mama. Hakuja mtu."

"Na wewe ukanyamaza?"

"Niliona aibu kuwasumbua."

"Aibu! Mwanangu, mficha uchi hazai, na wewe hapa umekuja kuzaa."

Jirani wa kitanda cha tano aliangua kicheko. Huyo aibu alishaimaliza zamani. Alibonyeza akitaka maji, alibonyeza akitaka mto, na alibonyeza akitaka kujua ni saa ngapi.

Mama Risasi akaenda mezani kwa nesi kushtaki.

"Haiwezekani, mama," nesi alisema. "Taa ya sita inawaka kutwa nzima. Tano na sita zinawaka pamoja, sisi mbio mbio, tukifika tunamkuta yule wa tano anataka mto."

Hapo Mama Risasi aliogopa kwelikweli. Taa ya sita ilikuwa ikiwaka kwa kitufe cha jirani, na cha binti yake kilikuwa bubu. Uchungu ukimshika, atabonyeza mpaka kidole kimchoke na huku mbele watu wanapiga soga.

"Fundi wenu yuko wapi?"

"Likizo."

Nesi akamtazama, akautazama mkoba, akapumua. "Haya. Ila usiniharibie."

Sanduku la mitambo ya kengele likafunguliwa. Ndani kulikuwa na chipu ile iitwayo multipleksa, ambayo yeye na kaka yake huiita mwenyekiti wa kikao. Vitanda vinane vinataka kusema, na njia ya kwenda kwenye kengele ni moja. Mwenyekiti anawauliza mmoja mmoja, wa kwanza una neno, wa pili una neno, mpaka wa nane, kisha anaanza upya, haraka hata jicho halioni. Nyaya tatu zinamletea namba ya zamu, na namba hiyohiyo inapelekwa kwenye taa.

Alimpigia kaka yake akamweleza yote.

"Rahisi hiyo," kaka alisema. "Shida ni waya wa kulia. Uchome upya." Akakata simu, maana naye alikuwa na televisheni ya watu mezani.

Waya wa kulia! Mama Risasi akaufuata waya unaoifanya kengele ilie, akauchoma upya, akaongeza risasi, akaupuliza. Jirani wa tano alipoambiwa abonyeze, kengele ilipiga kelele mpaka nesi akaziba masikio. Taa ya tano ikawaka. Na ya sita nayo, pale pale.

Akapiga tena. "Kaka, umenidanganya. Waya wa kulia nimeuchoma, kengele inalia kuliko jana, na ugonjwa uko palepale."

"Kengele imeingiaje? Nimesema wa kulia!"

"Si ndio huo wa kulia! Wa kutoa mlio!"

Kaka akacheka mpaka akakohoa. "Mdogo wangu, kulia! Upande wa mkono unaolia chakula! Kwenye zile nyaya tatu, wa kushoto, wa kati, wa kulia!"

Nesi, aliyekuwa akisikiliza, alilalia meza kwa kicheko. Mama Risasi naye alicheka, ingawa hakupenda kushindwa. Kisha akatazama nyaya tatu za zamu, na akaelewa bila kuambiwa zaidi. Wa kulia ndio unaotenganisha tano na sita. Ukikatika, taa zinahamia sita lakini mwenyekiti bado yuko tano. Jirani anaulizwa mara mbili, na binti yake haulizwi kabisa. Kwa lenzi akauona ufa mwembamba kuzunguka mguu wa waya ule.

Akaomba umeme uzimwe, na nesi wa pili akaenda kukaa na kina mama kwa muda ule. Tone moja la risasi, moshi kidogo, kwisha. Umeme ukarudi, nesi wa pili naye akarudi.

"Wa tano, bonyeza!" Mama Risasi alipaza sauti koridoni.

Taa ya tano ikawaka peke yake. Manesi wakapiga makofi. Mara ikazimika, ikawaka ya sita, nayo peke yake.

"Imekubali!" nesi akamkumbatia. "Mama, wewe ni fundi!"

Kengele iliendelea kulia.

"Mwambie basi aachie," nesi wa pili alisema.

Mama Risasi alikuwa bado anatabasamu. "Lakini mimi," alisema polepole, "sijamwambia binti yangu abonyeze."

Manesi wote wawili walikuwa wameshaondoka mbio. Yeye alibaki ameshika chuma cha moto, hajui akiweke wapi.

Jua halijazama alikuwa bibi. Alipoingia, binti alikuwa amechoka, anacheka, na mtoto kifuani.

"Nilibonyeza tu, mama, nikisema haifanyi kazi hii. Wakaja wawili, mbio!"

Mama Risasi akautua mkoba wake sakafuni. Akanawa mikono yake vizuri, akaipangusa, akainyoosha kumpokea mjukuu.