Wageni wa Patano

Hebu mfikirie mwanamke anayekuja Jumamosi alasiri, anateremka njia ya vumbi kuelekea nyumba yenye cherehani barazani. Hakimbii, maana mtu mzima hakimbii bila kufukuzwa, lakini kitambaa cha kichwa kimemteleza hadi shingoni na hana habari. Kila akienda kidogo anasimama, anageuza sikio nyuma. Anasikiliza kama kuna watu wanaimba.

Huyo ndiye Mama Pasi. Jina la ubatizo analo, ila limebaki kwenye cheti. Kazi yake ni kunyoosha mashuka katika chumba cha kufulia cha nyumba moja ya wageni. Ukiingia humo na miwani utatoka ukipapasa ukuta kwa mvuke. Yeye hubana ncha ya shuka kwa kidevu, akatandaza mikono, akakunja peke yake bila kuomba msaada, na shuka likitoka pale limenyooka, hata nzi akitua anateleza. Ni mcheshi na mkarimu. Ubaya wake mmoja, ulimi wake hutangulia, halafu yeye mwenyewe anafuata nyuma akihema.

Na ulimi huohuo ndio uliomtenganisha na dada yake mkubwa, yule fundi cherehani. Baba yao aliugua muda mrefu, na dada ndiye aliyemuuguza. Alimlisha, alimwogesha, alimgeuza kitandani. Mama Pasi alikuwa akija siku akipata nafasi, na nafasi, kama tujuavyo, haiji yenyewe. Baba alipofariki, siku ya msiba, nyumba imejaa watu, Mama Pasi akalia kwa sauti: "Angewahishwa hospitali, baba yangu angekuwa hai!" Watu wote wakageuka kumtazama dada. Dada aliinuka, akaingia chumbani kwa marehemu, akafunga mlango. Tangu siku hiyo, salamu hakuna.

Sasa, Mama Pasi ni mtu wa jumuiya. Jumatano jioni waumini wa mtaa wake hukutana sebuleni kwa bibi mmoja mnene, mkunga mstaafu, ambaye amewazalisha nusu ya watu wanaokaa kwenye makochi yake. Wana desturi yao wanaiita kurudisha neno. Likisomwa somo, kila mtu husema kwa sauti atakalolitenda wiki hiyo. Jumatano inayofuata, kabla ya kufungua Biblia tena, kila mmoja hueleza alivyotenda. Mkunga husema, "Neno lililosikika tu ni kama chakula kilichonuswa. Hakijamshibisha mtu."

Jumatano moja likasomwa lile somo ambalo Bwana anasema, ukifika madhabahuni na sadaka yako, ukakumbuka kwamba ndugu yako ana kitu moyoni juu yako, iache sadaka palepale, uende kwanza ukapatane naye. Mama Pasi alihisi uso unawaka kama amesogelea pasi. Zamu yake ilipofika, ulimi ukatangulia: "Mimi nitakwenda kwa dada yangu." Wakaitikia amina kwa nguvu hadi paka akatoka chini ya meza.

Na kweli alikwenda. Alifika kwenye kona, akamwona dada barazani ameinamia cherehani, mgongo umepinda kidogo kuliko alivyoukumbuka. Miguu ikakataa. Akarudi nyumbani akijiambia kesho, na kesho ikapita.

Wiki ikageuka, wakakaa tena sebuleni. "Haya, Mama Pasi," mkunga akasema, "turudishie neno."

"Nilikwenda," akaanza. "Nilikwenda mpaka..."

Hakumaliza. Makofi yalilipuka. Mama mmoja alikuwa ameshaanza kulia kwa furaha. Mkunga akamshika mikono yote miwili: "Mwanangu, mmepatana?"

Na Mama Pasi, badala ya kusema nilifika konani nikageuka, akatikisa kichwa kukubali.

Hapo ndipo balaa lilipoanza. "Shangwe kama hii haifichwi," mkunga akasema. "Jumamosi alasiri twendeni wote tukaimbe mlangoni kwa huyo dada!"

"Dada yangu hapendi kelele," Mama Pasi akajitetea.

"Kelele? Hizi ni sifa, mama! Atazizoea."

Watu wakacheka, wakagawana nyimbo za kuimba.

Alhamisi akajiambia amechoka. Ijumaa mvua ikanyesha, akaishukuru. Usiku alilala kama mtu aliyelalia jiwe. Jumamosi asubuhi kazini alisimama na pasi mkononi akijiona mlangoni kwa dada, watu wamejipanga nyuma yake wakipiga makofi, na dada anauliza, mmepotea? Alikuja kushtuka kwa harufu. Foronya ilikuwa imeungua, alama ya pasi imekaa katikati kama muhuri. Msimamizi akamtazama kwa mshangao, maana kwa mwanamke yule jambo hilo halijawahi kutokea. "Unaumwa?" "Ndiyo," akasema, na ule haukuwa uongo.

Alipofika nyumbani akamweleza mumewe kila kitu. Mume ni seremala, mtu wa maneno machache. Aliweka randa chini.

"Kwa hiyo umeshapatana na jumuiya nzima. Amebaki dada yako tu."

"Usinichekeshe, mwenzio nakufa."

"Sikuchekeshi. Vaa viatu uwatangulie."

"Na nikimkuta amekasirika?"

"Alikasirika tangu msibani. Hutamkuta na jipya."

Ndiyo maana umemwona anakuja hivyo.

Alipanda baraza, akabisha. Dada akafungua, futi ya kupimia imening'inia shingoni, pini kadhaa kifuani. Alimtazama mdogo wake toka utosini hadi kwenye viatu.

"Kafa nani?" akauliza.

"Hajafa mtu, dada. Shikamoo."

Shikamoo ile ilibaki hewani. Dada alisogea pembeni kidogo, kiasi cha mtu mmoja kupenya, akafunga mlango. Wakasimama katikati ya vitambaa.

"Nimewadanganya watu," Mama Pasi akasema, akayamwaga yote: somo, kona, makofi, kichwa alichotikisa. "Wanakuja. Sasa hivi. Watakuja kuimba."

"Kushangilia nini?"

"Kwamba tumepatana."

"Mimi na nani?"

Kama ungekuwepo ungeweza kucheka. Wao hawakucheka. Dada alichomoa pini moja kifuani, akaichomeka kwenye kifundo cha kitambaa mezani, taratibu, kama ana siku nzima.

"Nijibu jambo moja. Umekuja kwa ajili yangu, au kwa ajili yao?"

Mama Pasi alifungua mdomo. Kwa mara ya kwanza ulimi haukutangulia. Mbali kule, pembezoni mwa mtaa, sauti zilianza kusikika, nyembamba, zinapanda na kushuka.

"Nyumbani nimetoka kwa ajili yao," akasema. "Nilikuwa naogopa aibu. Lakini nilipokuona na hiyo futi shingoni... Dada, siku ile nilisema uongo mbele ya watu. Wewe hukumwacha baba. Mimi ndiye sikuwepo. Nilikuwa nakimbia lawama, nikakutupia wewe."

Macho ya dada yalihamia kwenye mlango wa ndani, ule wa chumba alichokuwa akilala baba, halafu yakarudi.

"Unajua wateja wangapi waliacha kuniletea nguo?" akasema polepole. "Walikuwa wananong'ona hapohapo barazani. Yule kamuua babaye. Nimeshona huku nayasikia."

"Nisamehe, dada."

"Mimi unaniomba msamaha chumbani, mlango umefungwa. Maneno yale uliyasemea wapi?"

Nyimbo zilikuwa zimefika konani. Makofi sasa yalisikika wazi, na juu ya sauti zote ile nene ya mkunga.

"Ukitaka, nitanyamaza," dada akasema. "Tutakaa kimya, watabisha, watachoka, watadhani tumetoka. Aibu yako itafichika. Ukifungua, sitakusaidia kudanganya. Utasema mbele yao kama ulivyosema mbele ya watu siku ile. Yote, na uongo wa Jumatano ndani yake."

Viatu vikapanda baraza. Mtu akabisha hodi kwa furaha, kama anayepiga ngoma. Mikono ya Mama Pasi ilikuwa imelowa jasho, komeo likamteleza mara ya kwanza. Akaifuta kwenye gauni, akalishika tena, akafungua.

Mwanga ukaingia, na nyuso zote zile zilizojaa mapenzi. "Haleluya!" mkunga akapaza, mikono wazi. Kisha akaiona sura ya Mama Pasi, mikono ikashuka. Wimbo ukafa, waimbaji wakinyamaza mmojammoja, wa nyuma kabisa akimalizia ubeti peke yake. Majirani wa ng'ambo nao walikuwa wametoka kuchungulia.

"Jamani," Mama Pasi akasema, "sijarudisha neno. Niliwadanganya. Na kabla ya hapo nilimsingizia dada yangu huyu." Akaendelea, akayasema yote hadi ya msibani, bila kuyapunguza na bila kuyapamba, huku majirani wakisogea karibu zaidi.

Nyuma yake dada alikuwa amesimama palepale, mkono mmoja umeshika ncha ya futi. Hakutabasamu wala hakulia. Watu wote walikuwa wakimtazama yeye, kama siku ile, wakingoja.

Na wewe uliyefuatana nami hadi mlangoni hapa, ungekuwa ndiye yule dada, hayo yangekutosha?