Ombi Letu Lilisomwa Vizuri

Mbunge wetu wa jimbo alipokuja mtaani kwetu Flemingdon Park, huku ughaibuni, kuomba kura, nilifanya naye biashara. Nilimwambia jengo letu lina Waswahili wa kutosha, wengi wananunua unga dukani kwangu, na nikimsifu mtu wananisikia. Bei yangu ilikuwa moja: serikali ikileta sheria ya kuruhusu wenye majengo watutoe kwa kisingizio cha ukarabati, bila kuturudisha kwa kodi ya zamani, aipinge. Akakubali. Nikamuuliza tena, akakubali tena. Kila kitu nahesabu mara mbili.

Mwenye wasiwasi alikuwa mama jirani, mjane wa ghorofa ya nne. Kampuni yenye jengo ilikuwa imeshamwambia kwamba nyumba yake itakarabatiwa.

"Huyo mtu wako unamjua?" aliniuliza.

"Mama, nimepatana naye mwenyewe."

"Hata lile friji lako bovu ulipatana mwenyewe."

Muswada ukaja. Tukaandika ombi la kuupinga, tukatia saini, mbunge akaahidi kulisoma bungeni. Siku ya usomaji wa tatu, yaani kura ya mwisho, nilifunga duka nikaenda na mama. Tulikaa roshani ya wageni, ambako mgeni hapigi makofi wala hasemi neno.

Kengele ikalia, Spika akaita wanaounga mkono. Wakawa wanasimama mmoja mmoja: waziri kiongozi, ndiye mkuu wa serikali ya jimbo, kisha mawaziri wake, kisha wabunge wa kawaida wa chama chao. Viti vya nyuma kabisa akasimama wetu. Nilidhani anajinyoosha. Nikawahesabu, nikarudia. Alikuwamo mara zote mbili.

Baada ya mapumziko ukafika wakati wa maombi ya wananchi. Akainuka, akasoma ombi letu neno kwa neno, sauti imejaa huzuni. Akasema analiunga mkono, akatia saini.

Alitukuta kwenye korido, mkono mbele.

"Mmenisikia?"

"Mara mbili."

Akashusha sauti. Kiranja wa chama, anayehakikisha wabunge wao wanapiga kura kama walivyoagizwa, alikuwa amemwonya kwamba akikataa, uchaguzi ujao chama kitamsimamisha mtu mwingine.

"Ndiyo utaratibu, rafiki yangu. Lakini ombi nimewasomea."

Alisema kama mtu aliyenipunguzia bei. Miaka yote hii ya biashara, kumbe nilikuwa nimepatana na mfanyakazi wa duka. Mwenye duka hata sikuwahi kumsalimia.

Kwenye basi, tulikuwa tumekaribia barabara ya Eglinton, jirani na kwetu.

"Amesoma vizuri," mama akasema.

"Vizuri sana."

"Dukani una maboksi matupu?"

"Yapo."

"Unauzaje?"

Alikuwa anatazama nje. Nikamwambia bure.

"Basi niwekee yale makubwa ya mafuta. Sufuria zangu ni nyingi."